Maswali ya Wasomaji: Kutoka Ziwani Kupanda Mbeya Baada ya Kupiga Mbizi

SWALI: Shikamoo mzee. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Nilijifunza kupiga mbizi Unguja, na siku hizi mimi na wenzangu wawili hukimbilia Nkhata Bay, upande wa Malawi, kila tukipata wikiendi ndefu. Jumapili asubuhi huzama mara mbili, tunakula, kisha tunawasha gari kurudi nyumbani. Kompyuta yangu ya mbizi, ile ya kuvaa mkononi, baada ya hapo huonyesha alama ya ndege, yaani usiruke bado, kwa saa nyingi. Kwa kuwa hatupandi ndege, sijawahi kuijali. Juzi mwenzangu akasema barabara yetu nayo ni ndege. Ni kweli?
*Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako kasema kweli tupu, na nakuomba usome jibu hili hadi mwisho kabla hamjapanga safari nyingine.

Mtu akiwa chini ya maji anavuta hewa yenye presha kubwa kuliko ya juu. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, karibu asilimia 79, na mwili hauitumii kwa lolote. Inayeyuka katika damu, misuli, mafuta na viungo, ikisubiri utoke ndipo itoke polepole kwa njia ya mapafu. Presha ya nje ikipungua haraka kuliko inavyoweza kutoka, inageuka viputo humo humo mwilini. Huo ndio ugonjwa tunaouogopa. Unapopanda kutoka mita 18 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, ukasimama dakika 3 kwenye mita 5, unaipa naitrojeni nafasi ya kutoka kwa adabu. Lakini kazi haijaisha ukishavua mtungi. Saa kadhaa baadaye ungali umebeba ziada.

Sasa tazama njia yako. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na kabla hujafika Uyole umepita Isyonje, ambako ni juu zaidi ya mita 2,000. Tukihesabu presha ya hewa ufukweni mwa bahari kuwa 1, ziwani ni karibu 0.95, Mbeya ni kama 0.82, na pale Isyonje inashuka chini ya 0.8. Ukinunua pakiti ya krispi Kyela ukaiweka juu ya dashibodi bila kuifungua, angalia ilivyovimba mkifika kwa wauza viazi wa Isongole. Ndani ya ndege kubwa ya abiria, presha huwekwa kama vile abiria wako kwenye mlima usiozidi mita 2,400. Kwa hiyo alama ile ya ndege inakuhusu hata ukiwa umeshika usukani wa Noah.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wa huku hawalifikirii. Mtu hujipa moyo kwamba safari ni ndefu, kuna foleni ya mpakani Kasumulu, hivyo hadi afike Tukuyu saa nyingi zitakuwa zimepita. Kwa njia yenu hesabu hiyo haisaidii. Mkitoka Nkhata Bay mnapanda Mzuzu kwanza, kama mita 1,250, na ni kilomita 50 hivi tu kutoka ufukweni. Mlima wa kwanza mnaukuta hata shati halijakauka. Baadaye mnashuka tena kuelekea Karonga, lakini kama viputo vimeshaanza, kushuka huko si tiba.

Mwongozo unaofuatwa na wazamiaji wengi kuhusu kuruka baada ya mbizi ni huu: subiri angalau saa 12 kama ulizama mara moja tu bila kulazimika kusimama njiani kupunguza naitrojeni, na angalau saa 18 kama ulizama mara kadhaa au siku mfululizo. Kama mbizi ilikulazimisha kusimama, ni zaidi ya 18 kwa kiasi kikubwa. Hizo ni saa za chini kabisa, na hakuna anayekuahidi kwamba baada yake hupatwi na kitu. Mimi, niliyekulia Mafia na sasa naishi Uyole, nawaambia vijana wangu saa 24 na siwapunguzii hata moja.

Kwa hiyo geuzeni ratiba. Fikeni Ijumaa, kushuka kutoka Mbeya kwenda ziwani hakuna ubaya wowote, kwani mwili wa mkazi wa milimani una naitrojeni pungufu kidogo kuliko wa mtu wa pwani. Zameni Jumamosi asubuhi, mbizi ya kina zaidi ikiwa ya kwanza, na saa 5 muwe mmetoka majini. Jumapili ogeleeni juu juu kwa miwani na mrija, mkiwatazama mbuna, samaki wale wa rangi za bluu na njano kwenye miamba; hapo hamvuti hewa ya mtungi, ilimradi msizame kushindana pumzi. Saa 5 ikipita, washeni gari. Ila kumbukeni Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Andika kwenye karatasi saa uliyotoka majini kwa saa za kule, uhesabu kwa saa hizo hizo. Simu ikibadilisha saa yenyewe ukivuka mpaka, unaweza kujipunja saa nzima bila kujua.

Na wale mnaopeleka mitungi yenu Matema, ninyi mna nafuu moja: kutoka Matema kupitia Ipinda hadi Kyela mjini ni tambarare, hampandi kitu cha maana. Mkitaka kulala Kyela kwa ndugu, laleni. Mlima unaanzia mbele yake.

SWALI: Mwalimu, mimi na kaka yangu tuna kompyuta moja ya mbizi tuliyonunua kwa mtu. Tunazama pamoja, bega kwa bega. Je, tunaweza kuitumia wote, leo yeye, kesho mimi? Na je, inajua kwamba tuko ziwani na si baharini?
*Mwanafunzi, Iringa*

JIBU: Hapana, mwanangu. Kompyuta ile haipimi damu ya mtu. Ina kipimo cha presha na saa, basi. Yaliyobaki ni hesabu. Mwaka 1908 Mwingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua, baada ya majaribio ya kutumia mbuzi. Baadaye daktari Albert Bühlmann wa Zürich, Uswisi, nchi yenye maziwa ya milimani, alitengeneza hesabu inayougawa mwili katika tishu 16 za kufikirika. Ya haraka hujaa nusu kwa dakika 4, ya mwisho kwa dakika 635, yaani zaidi ya saa 10. Kompyuta nyingi za leo hutumia hesabu hiyo au jamaa zake.

Ndiyo maana haiazimwi. Kaka yako akizama Jumamosi, kompyuta inabeba naitrojeni ya kaka yako. Ukiivaa wewe Jumapili, inakuhesabia mwili usio wako. Na mkiwa bega kwa bega, ukishuka mita 3 chini yake kumfuata samaki, yeye aliyeivaa hana habari, na kompyuta pia haina. Kama pesa inatosha moja tu kwa sasa, azame mmoja, au mwingine apange mbizi yake kwa majedwali yenye marekebisho ya mwinuko, akiwa na saa na kipima kina chake. Jedwali la baharini lisitumike ziwani hivi hivi. Mbizi yoyote kwenye maji yaliyo juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa ya mwinuko, na Nyasa imeshapita hapo.

Kuhusu kujua iko wapi: nyingine hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko, nyingine husubiri uziwekee kwa mkono. Mwombe aliyekuuzia kijitabu chake. Ufukweni, kabla ya kuingia, angalia mambo haya: betri, mwinuko, na kama imewekwa maji baridi au chumvi. Hilo la chumvi hubadilisha kina kwa asilimia 3 hivi tu. La mwinuko ndilo la kuogopa.

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Tukuyu. Akija mtu anasema bega linamuuma na mkono una ganzi, na jana alikuwa anazama ziwani, nianze na nini?
*Muuguzi, Tukuyu*

JIBU: Ahsante sana, dada yangu. Swali hili laiti lingeulizwa katika kila zahanati ya barabara hii.

Anza na oksijeni, kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Usidanganywe na kipimo cha kidoleni. Kinaweza kusoma 98 na bado anaihitaji, kwa sababu hapo huponyi upungufu wa oksijeni, unaisukuma naitrojeni itoke. Mlaze chali. Kama ana fahamu zake, mpe maji anywe. Gesi ya kutuliza maumivu yenye naitrasi oksidi asiguswe nayo, inakuza viputo. Andika saa aliyotoka majini, kina, idadi ya mbizi, na saa maumivu yalipoanza. Chukua na kompyuta yake, ina kumbukumbu yote. Maumivu yakipungua kwa oksijeni usimruhusu kurudi nyumbani. Na asirudi majini kujitibu, hata kama wenzake wanasisitiza.

Tiba yenyewe ni chumba cha presha, ambamo hurudishwa kwenye presha ya mita 18 za maji huku akivuta oksijeni safi. Kwa hiyo pigeni simu ya dharura ya DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji; hupokelewa saa 24, na daktari wa zamu ataongea na daktari wenu. Piga kabla ya kuandika rufaa. Kutoka kwako kwenda hospitali ya rufaa Mbeya, gari lazima lipite Isyonje, na kumpandisha kule kunaweza kumzidishia. Kama anapumua vizuri na hali imetulia, abaki hapo chini na oksijeni yake hadi waseme anasafirishwaje. Ikibidi avuke, oksijeni isikatike njiani, na mtungi wa akiba uwemo ndani ya gari.