Maswali ya Wasomaji: Fomu yetu imerudishwa, tumekosea wapi?

SWALI: Salaam aleikum. Wakala wa watalii huko Ujerumani ametaka tathmini ya hatari za haki za binadamu katika hoteli yetu ya vyumba 40 hapa Nyali. Tulijaza kurasa mbili, akazirudisha. Meneja, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam. Huenda mliandika hatari zinazoikabili hoteli: kesi, hasara, jina kuchafuka. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu huuliza kinyume chake: nani anaweza kuumia kwa sababu yenu?

Orodhesheni watu, hata wasiokuwamo kwenye daftari la mishahara: walinzi wa kampuni ya nje, wafua mashuka, wauza vinyago, wavuvi ambao ukuta wenu umewazibia njia ya pwani. Kisha waulizeni, bosi akiwa mbali. Akiwapo, jibu ni “hakuna shida” tu, na kazi nzima imekwenda na maji. Wanawake waulizwe na mwanamke.

Panga hatari kwa uzito: madhara makubwa kiasi gani, kwa wangapi, na je, yanarekebishika? Kwa hiyo unyonyaji wa watoto kingono hukaa juu hata ukiwa nadra. Wahudumu wa mapokezi waijue namba 116, simu ya msaada kwa watoto.

Kwenye vibarua ndipo waajiri wengi hunaswa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, 2007, humtoa kwenye ukibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi. Ili kuwajua watu hao, linganisheni daftari la zamu na malipo ya miezi 12. Desemba peke yake haitoshi.