Ukimaliza simulizi ya majini, toa hadithi fupi kwanza

Kuna dada kanitumia meseji inboksi juzi, nae anaandika simulizi za mapenzi na majini, analalamika kwamba akimaliza msimu wa kwanza watu wanapotea wote, ukija wa pili anatafuta wasomaji upya. Dada umefika penyewe, maana nimetoka kutoa hadithi fupi ya yule ruhani wa Pangani, jini mmoja wa kwenye simulizi yangu, na mpaka leo simu haipoi.

Iko hivi. Mfuatiliaji wa simulizi ndefu hatafuti mageni, anataka kujua watu wake wanaendeleaje. Msimu wa kwanza ruhani yule alitokea mara mbili tu, anamlinda binti mgonjwa kisha anaondoka inabaki harufu ya udi, mi nilishampita zamani. Wasomaji wakamng'ang'ania! Kila posti komenti ni hiyo hiyo, kaka wa udi yuko wapi, ana mke? Nikamwandikia yake peke yake, usiku mmoja tu na yule binti kabla mganga hajaja kumtoa. Wote walijua atatolewa na bado wamelia.

Wazungu hili wanalijua kitambo. Stephenie Meyer, yule mwandishi wa Twilight, simulizi ndefu ya mapenzi na wanyonya damu, mwaka 2010 alitoa kitabu kifupi cha Bree Tanner, yule binti mnyonya damu ambaye kwenye Eclipse, kitabu cha tatu cha Twilight cha 2007, anapita kidogo tu anauawa. Mwisho unaujua hata hujafungua, na wapenzi wa Twilight walikisoma hivyo hivyo.

Kwa hiyo usihangaike kueleza jini mahaba ni nini. Msomaji wako anajua ana wivu, anakuja ndotoni, anavunja ndoa, pengine hata kwao kuna shangazi alishapungwa. Anza na wivu wenyewe. Mtu mmoja, usiku mmoja, swali moja walilouliza wasomaji, narudia, WALILOULIZA wao sio linalokupendeza wewe. Na iishe kweli, ukiweka "itaendelea" kwenye hadithi fupi huo ni utapeli. Tatizo letu waandishi tunataka hela ya msomaji kabla hatujamsikiliza, alafu tunamlaumu akikimbia, tubadilike jamani.

Ila roho bado inaniuma kitu kimoja. Kuna jamaa ana grupu kubwa kaichukua ile hadithi, kafuta jina langu kaweka lake, nilipomfata ananijibu eti hadithi za majini hazina mwenyewe. Nikanyamaza. Wasomaji wangu ndio wakamshukia kwenye komenti, wanamuuliza mama wa binti anaitwa nani, na kwenye hadithi fupi jina hilo halipo, lipo msimu wa kwanza ambao yeye hajausoma. Akafuta posti usiku ule ule.

Msimu wa pili unaanza Ijumaa, wa M-Pesa namba ni ile ile.