Kipimo cha dengi kilisoma hasi: je, haikuwa dengi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi uliopita mume wangu alirejea Arusha baada ya wiki mbili za kazi Dar es Salaam. Siku ya nne alishikwa na homa kali, kichwa kikamgonga, na macho yakamuuma kila alipoyazungusha. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, lakini zahanati ilimpa dawa mseto. Siku ya nane ya homa akapimwa dengi kwa kipimo cha haraka cha NS1, majibu yakawa hasi. Sasa amepona. Je, haikuwa dengi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Majibu hayo hayatoshi kuiondoa dengi, kwa sababu kipimo kilichotumika kilikuwa kimechelewa. NS1 ni protini ya kirusi chenyewe, nayo huonekana vizuri kwenye damu katika siku tano za mwanzo za homa, kisha hufifia kadiri mwili unavyotengeneza kingamwili. Siku ya nane alipaswa kupimwa kingamwili za IgM, ambazo huanza kuonekana karibu siku ya tano na kudumu kwa wiki nyingi.

Tarehe pia zinaelekea huko. Dalili hujitokeza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu wa Aedes, anayeuma mchana, na ni nadra kuzidi siku 14. Naye mumeo alitoka katika jiji lililopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kuanza na kipimo cha malaria kulikuwa sahihi kabisa, kwani malaria huua haraka. Kinachonisikitisha ni kumpa mgonjwa dawa ya ugonjwa ambao kipimo hakikuuona, kisha kuacha kutafuta.

Bado anaweza kupimwa IgM, ingawa virusi vya jamaa ya dengi, au chanjo ya karibuni ya homa ya manjano, huweza kuyachanganya majibu.

Akiugua tena baada ya safari, mtajieni daktari siku aliyorudi na siku homa ilipoanza, na msimpe aspirini wala diklofenaki, bali parasetamoli. Homa ikishuka kati ya siku ya tatu na ya saba, msilegeze uangalizi: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo au fizi kutoka damu ni sababu ya kumwahisha hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mwili umepoa.