Jibu: orodha ya filme zako 10 za mwaka

Ya mukubwa, nimekuelewa: unataka kupanga filme 10 ulizopenda mwaka huu, lakini zingine zinafika hapa Lubumbashi zimeshachelewa, za Januari umezisahau, na wenzako wanakucheka eti hii ni ya mwaka jana. Mi pia ilinikuta.

Kwanza chagua sheria moja uiandike juu kabisa, mwaka filme ilitoka ao mwaka wewe uliiona. Mi nafuata ya pili, sababu angalia filme Augure ya Baloji, mtoto wa hapa hapa Lubumbashi: festivali ya Cannes kule Ufaransa waliionyesha Mei 2023, mi nikaiona mwaka uliofuata, sasa niitupe? Hata Oscar kwa tuzo nyingi wanahesabu siku filme ilitoka kwenye sinema za Marekani, si siku ilitengenezwa.

Halafu kaye, yaani daftari. Niko na kaye ndogo pembeni ya televizyo, filme ikiisha tu naandika tarehe na kitu kimoja kilichobakia kichwani, kama ile ya mama anapeta mchele huku machozi yanatoka bila sauti. Mwezi wa 12 nasoma, mstari usiponirudishia kitu nafuta, hata kama kila mtu anaisifu.

Na chunga flashi ya kuwekea filme! Kuna fasi walinijazia filme 12, nusu zikakatika kabla ya mwisho na virusi ikala picha za ndoa ya dada. Filme ambayo hukuona mwisho wake usiipange. Flashi ikigoma usikubali kuiformati (kufuta vyote vilivyomo), peleka kwa fundi kwanza.

Kumi hazifiki? Weka sita.