Kwa wewe unayeanza kuonja wiski ya moshi

Usimeze bado. Karibu kila mfanyakazi mpya niliyempokea dukani kwetu hapa Edinburgh alimimina Laphroaig, wiski ya moshi ya kisiwa cha Islay, Scotland, akapiga funda, akakunja uso na kusema inanuka hospitali. Pua yake haikumdanganya. Moshi wa wiski hii una kresoli, jamii ile ile ya kemikali iliyotumika kwa miaka mingi katika dawa za kuua vijidudu. Shida ni kukomea hapo.

Kwanza ujue moshi umeingilia wapi. Wengi hudhani umetoka kwenye maji ya kisiwa cha Islay, au kwenye pipa lililochomwa ndani. Sivyo, umetoka kwenye kimea, yaani shayiri iliyochipuzwa na kukaushwa. Shayiri hulowekwa, huchipua, kisha hukaushwa tanurini. Wanaotaka moshi huwasha mboji, udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa mapande kama matofali na kuanikwa. Fenoli, kemikali zinazobeba harufu ya moshi, hunata kwenye nafaka ikiwa bado na unyevu. Ikishakauka, haishiki tena vizuri. Kama umekulia nyumba ambako mtungi wa maji ulifukizwa ubani, jambo hili unalielewa tayari.

Wateja watakuuliza namba. Watakuambia wiski ya Ardbeg ni 55, ile ya Octomore inapita 100, wakiamini kubwa ndiyo bora. Hizo ni sehemu za fenoli kwa milioni, na zimepimwa kwenye kimea, si kwenye chupa. Ukitaka kumwonyesha mtu, mpe Lagavulin na Caol Ila kwa pamoja. Kimea cha zote mbili hutoka Port Ellen, kiwanda cha kimea hapo Islay, na kiwango cha moshi kinakaribiana sana. Lakini Lagavulin ni nzito, ina utamu wa matunda makavu na moshi unaokaa kooni. Caol Ila ni nyepesi, ina limau na chumvichumvi. Tofauti kubwa imezaliwa kwenye mitungi ya shaba ya kukenekea: umbo lake, kiasi kinachojazwa, na wakati wa kukata, yaani kuacha kukusanya pombe inayotoka. Fenoli nzito huchelewa kutoka. Anayekata mapema huziacha nyuma, anayesubiri huzibeba. Mimi nafsi yangu huipenda Caol Ila zaidi kwa mafunzo, maana moshi wake haufuniki kila kitu.

Mimina kidogo, mililita 15 zinatosha, kwenye glasi yenye mdomo mwembamba. Usizamishe pua ndani kama unayenusa ua. Shika glasi chini ya kidevu, acha mdomo wazi, ipandishe taratibu. Moshi utakuja wa kwanza, subiri. Baada ya dakika mbili tatu pua huuzoea, na hapo ndipo unaanza kukuta vanila, peasi, asali, ngozi ya viatu. Kazi yetu iko hapo, nyuma ya moshi.

Maji usiyaonee haya. Mwaka 2017 wanakemia wawili wa Sweden, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, mojawapo ya vibeba harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji ikiwa kilevi chake ni asilimia 45 au chini. Kinywaji kikiwa kikali mno, gwayakoli hujificha ndani. Kwa hiyo wiski ya asilimia 57 iongezee maji tone kwa tone, ukinusa kila mara.

Mpangilio wa glasi nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kutanguliza Ardbeg mbele ya wageni sita. Wiski nne zilizofuata, nzuri zote, zikawa kama maji. Nilisikitika sana kwa ajili ya zile wiski. Tangu siku hiyo moshi unakuja mwisho. Siku ya kazi usijipake marashi wala udi, na tema bila kuona soni: anayemeza kila kionjo, saa mbili baadaye pua yake haifanyi kazi tena.

Ukimaliza, usioshe glasi ya mwisho. Ifunike kwa kisahani, uinuse asubuhi: majivu ya jiko lililozimika, na chini yake, ukitulia, utamu kidogo wa shayiri.