Mwanangu, usimwonee mama yake Raymond

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata Jumapili, nikaona nikujibu kwa barua, maana jambo lenyewe refu na mimi na kile kioo cha simu hatuelewani. Umesema wewe na mumeo mmekaa mkaangalia The Manchurian Candidate zote mbili, ile ya 1962 niliyokuwekea kwenye flashi na hii ya 2004 ya Denzel Washington. Mkakubaliana kwamba hii mpya ndiyo picha, na ile ya kwanza ni wanaume wa kofia wanaoongea haraka haraka. Sasa mnauliza mama anang'ang'ania nini kwenye ile ya zamani, kama si uzee. Na kama ilikuwa nzuri kiasi hicho, kwa nini wakairudia?

Uzee uweke pembeni. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, na ukumbini tulikuwa tukiletewa za Kihindi, za kareti na za kauboi. Hiyo ya 1962, ya Frank Sinatra, sikuiona ujanani. Nimekuja kuiona nimeshastaafu kufundisha historia, nikiwa na wajukuu. Kwa hiyo sina kumbukumbu tamu ya kuilinda.

Tena nianze na pale mlipo na haki. Wachina wa ile picha ni wa kuchora. Kikosi cha Wamarekani kinatekwa vitani Korea, kinapelekwa Manchuria, na huko daktari mmoja Mchina, Yen Lo, akiwa na wakubwa wa Kirusi, anawatia kasumba mpaka sajenti wao Raymond Shaw anakuwa silaha: akionyeshwa malkia wa uru kwenye karata, anafanya lolote atakaloamriwa, kisha hakumbuki. Aliyeigiza huyo daktari, Khigh Dhiegh, hakuwa Mchina, na Henry Silva anayeigiza Mkorea hakuwa Mkorea. Kizazi chetu Mchina tulimjua kwa habari nyingine kabisa. Kuanzia 1970 mpaka 1975 redio ilikuwa ikitueleza habari za reli kutoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, na Mchina wetu alikuwa fundi mwenye sururu. Kumwona amegeuzwa shetani mwenye tabasamu kulinichekesha kwanza, halafu kukanichosha.

Jonathan Demme, mwongozaji wa hii mpya, aliliona hilo akaliondoa. Vita vikawa vya Kuwait, 1991. Mtiaji kasumba akawa kampuni kubwa ya fedha na silaha iitwayo Manchurian Global, na Raymond hatumwi tena kuua ili Iselin, baba yake wa kambo, apande. Yeye mwenyewe ni mgombea mwenza, ndiye anayepelekwa ikulu. Kwa picha iliyotoka Julai 2004, Marekani ikiwa Iraki na uchaguzi uko mlangoni, ni mabadiliko ya akili. Mmoja wa waliotayarisha ni Tina, binti wa Frank Sinatra, kwa hiyo swali lako la kwa nini wakairudia lina jibu la kifamilia pia.

Lakini mwanangu, kampuni nitaiogopaje? Haina uso. Wamekaa wazee wa suti mezani wanazungumza mipango, na mimi najua toka dakika ya ishirini nani mbaya. Ile ya kwanza ubaya umewekwa nyumbani, kwenye kiti cha mama. Kikulacho ki nguoni mwako.

Huyu mama ndiye mliyempita haraka, naona. Tazameni tena. Angela Lansbury alimzidi Laurence Harvey, "mwanawe", miaka mitatu tu ya kuzaliwa, na ukimwangalia hulioni hilo hata kidogo. Mumewe wa pili, seneta Iselin, ni mlevi asiyejua kitu. Yeye ndiye anayefikiri, anayemwandikia, anayemsukuma mbele ya kamera. Iselin amechongwa kwa mfano wa seneta Joseph McCarthy, yule wa Wisconsin aliyeanza 1950 kutikisa karatasi akidai ana orodha ya wakomunisti walioko serikalini. Leo mia mbili na tano, kesho hamsini na saba, keshokutwa themanini na moja. Sasa kwenye picha, Iselin analalamika kwa mkewe kwamba idadi zinabadilika mno, watu wanamcheka, apewe moja tu rahisi ambayo hataisahau. Yuko mezani anakula. Anaipiga kitako chupa ya tomato ya Heinz, kamera inaisogelea ile lebo yenye namba 57, na papo hapo tunamwona ukumbini anatangaza kwa sauti ya mtu aliyeapa: wako hamsini na saba! Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka binti anayenisaidia kazi akachungulia kuona kuna nini. Hakuna aliyeeleza chochote. Chupa ya tomato imemaliza somo ambalo mimi darasani lingenichukua vipindi viwili na nusu ya darasa wamelala.

Halafu mama yuyo huyo anakaa na mwanawe karibu na mwisho, mwana macho yamekufa, anamweleza ukweli. Yeye aliwaomba wale wa nje wamtengenezee muuaji. Hakuwaomba Raymond. Wao ndio waliomchagua mwanawe, wakidhani watamfunga nao zaidi. Naye anaapa kwamba akishika madaraka atawasaga mpaka wawe vumbi kwa walichomfanyia mtoto. Na bado, akijua yote hayo, anamtuma mtoto huyo huyo akaue. Halafu anambusu mdomoni, busu ambalo mimi niliangalia pembeni. Hapo ndipo picha iliponishika shingo. Ni mama aliyeibiwa mwanawe na aliyemuuza mwanawe, yote mawili, katika sentensi zisizozidi kumi.

Meryl Streep, mama wa Raymond kwenye hii mpya, ni mwigizaji kuliko wote waliomo, sibishi. Amefanywa seneta mwenyewe, hana haja ya kujificha nyuma ya mume mlevi, na lile tukio anapowabana wazee wa chama mpaka wamkubali Raymond ni la kufundishia. Ila yule mshangao wa Lansbury, wa mtu kugundua bei aliyolipa baada ya mali kuchukuliwa, hakuachiwa. Huyu yumo kwenye mpango na kampuni, anajua anachokifanya, ana sababu zake za uzalendo. Ni mkali, basi. Sikumwonea huruma, na kwenye ile ya kwanza huruma ndiyo inayotisha.

Sasa hiyo kasumba yenyewe. Mumeo amesema ya zamani haieleweki, watu wameketi tu na wanawake wanazungumzia maua. Ndiyo! Wale askari wanaamini wako hotelini New Jersey wanangojea mvua ipite, wamealikwa kwenye kikao cha akina mama wapenda bustani. Mama mnene wa kofia anahutubia kuhusu maua. Kamera inazunguka polepole ukumbi mzima, inawapita akina mama wanaosikiliza kwa adabu, na inaporudi ilikoanzia, jukwaani amesimama Yen Lo, na nyuma yake picha kubwa za Stalin na Mao. Askari bado wanapiga miayo. Raymond anaambiwa amnyonge mwenzake, naye mwenzake anakaa kwa utulivu anyongwe, ni kama yuko kwa kinyozi. Na kuna jambo ninaloweka dau hamkuliona: koplo Melvin, ambaye ni mweusi, akiota ndoto hiyo hiyo, akina mama wa bustani ni weusi. Kila mtu ametiliwa kasumba kwa sura za kwao. Hakuna anayetamka hilo mahali popote.

Demme kaweka mashine. Fuvu linatobolewa, waya zinapita, kidude kinapandikizwa begani. Ukishaniambia ni kidude, hofu yangu imekwisha: kitolewe. Na Denzel kweli anajaribu kukitoa cha Raymond kwa meno! Hapo mjomba wako, niliyekuwa nimemkaribisha chai, alicheka sana.

Mjomba huyo ndiye aliyeniharibia na tukio jingine. Kwenye ile ya kwanza seneta Jordan, mpinzani wa Iselin, anauawa usiku jikoni kwake, amevaa joho la kulalia, ameshika pakiti ya maziwa. Risasi inapita kwenye pakiti. Badala ya damu tunaona maziwa yakimiminika kifuani, meupe, na Raymond anaendelea kutembea. Binti wa Jordan, aliyetoka kufunga naye ndoa, anaingia mbio, naye anapigwa bila hata hatua kusita. Kwenye mpya, Jordan yuko majini asubuhi kwenye kayaki, na Raymond anaingia majini na suti yake, anamfuata, anaipindua kayaki na kumshikilia chini. Ni tukio zuri kwa macho, lina ukungu na ukimya. Mjomba wako, aliyevua sangara na dagaa tangu hujazaliwa, akasema: "Dada, huyo wa suti angezama yeye kwanza. Koti likilowa linakuvuta." Tangu hapo siwezi kuliangalia bila kumsikia. Hata hivyo nimwachie Liev Schreiber, Raymond wa hii mpya, haki yake: uso ule, wa mtu anayefanya jambo na kulia kwa ndani bila kujua analia nini, Laurence Harvey hakuufikia. Harvey ni barafu, na picha yake ilihitaji barafu.

Kuna mahali mpya inaishinda ya kwanza kabisa, na hilo nataka mlipokee bila kelele za ushindi. Ni askari. Jeffrey Wright anaigiza Melvin, anajitokeza baada ya hotuba mbele ya Marco, mkubwa wao wa vitani (Sinatra kwenye ya kwanza, Denzel kwenye hii), mchafu, ana aibu, ana daftari lililojaa michoro ya ndoto zake, anauliza kama na mkubwa wake naye huwa anaota. Na Denzel anamjibu kwa upole ule wa mtu anayeota kila usiku na hataki kukiri. Ni dakika chache tu. Lakini mimi nilikua na watu wa namna hiyo. Vita vya Kagera havikuwa mbali nasi. Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kutafuta matangi ya mafuta hapa Mwanza. Baba yako mdogo aliporudi kutoka Uganda hakuwahi tena kukaa akiupa mlango mgongo, na mtu akimuuliza alikuwa akisema ni upepo. Ile ya 1962 Sinatra anatoka jasho na kutetemeka, anaigiza vizuri, lakini askari pale ni wa kusogeza hadithi. Demme aliwapa maisha.

Ndiyo maana mwisho wake ulinikera. Ile ya kwanza, Raymond yuko juu kabisa ya ukumbi wa Madison Square Garden, kwenye kijumba cha taa, na bunduki yenye darubini. Wote tunajua ametumwa kumpiga mgombea urais. Bunduki inahama. Inampata Iselin, inampata mama. Marco anafika mlangoni amechelewa, Raymond ameshavaa nishani yake ya ushujaa, anaigeuza bunduki. Marco anabaki na neno moja la laana mdomoni na mvua nje. Picha hiyo ilitoka Oktoba 1962, dunia ikitetemekea makombora ya Kuba, na mwaka uliofuata, Novemba 22, Kennedy akapigwa Dallas kwa bunduki kutoka juu. Watu wengi husimulia kwamba Sinatra, rafiki wa Kennedy, aliificha kwa uchungu mpaka iliporudi kumbini 1988. Hadithi nzuri, ila katikati hapo ilikwisha kuonyeshwa kwenye televisheni zaidi ya mara moja.

Hii mpya imebadilisha: aliyeko juu na bunduki ni Marco, steringi wetu mwenyewe, na Raymond jukwaani ndiye anayejua, anamkumbatia mama na kusogea naye mpaka kwenye njia ya risasi. Mpaka hapo nilikuwa nimesimama. Ingeishia hapo ningekuandikia barua nyingine. Lakini steringi lazima apone, sivyo? Kwa hiyo watu wa FBI wanachukua mkanda wa kamera za ukumbini, wanaufuta uso wa Marco, wanabandika uso wa mtu mwingine, na taifa linaambiwa muuaji ni yule. Na sisi tunatakiwa tushushe pumzi. Picha nzima imekuwa ikituonya kuhusu wakubwa wanaopanga ukweli nyuma ya mapazia, halafu inamalizika wakubwa wengine wakifanya hivyo hivyo, safari hii kwa muziki wa faraja, kwa sababu ni wakubwa wetu. Mwulize mumeo aliliona hilo au alikuwa ameshafuata soda jikoni.

Watoto nawasalimu. Dagaa wa Mwaloni nimewapeleka stendi kwa mtu wa basi, wamekauka vizuri, usiwaloweke muda mrefu.

Mama yako,
Kirumba, Mwanza