Shangazi, rangi tatu za kijivu zimeninyima usingizi

*Shangazi, shikamoo. Nyumba yetu ya Kibaha imekamilika baada ya miaka sita ya kujenga kidogo kidogo. Ukuta wa sebuleni nyuma ya makochi nataka uwe kijivu kilichokolea. Nimebaki na rangi tatu za kwenye kadi ya dukani. Kila ninayemwonyesha anasema zinafanana, ila mimi naona moja ina ubluu, ya pili ina ukijani, ya tatu inavuta kahawia. Mume wangu anasema kijivu ni kijivu, fundi anasubiri. Sebule inatazama magharibi, dirishani kuna mwembe, sakafu ni marumaru za krimu, milango ya mninga. Najisumbua bure? – Mama wa Kibaha*

Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa nyumba. Hujisumbui. Unachokiona kipo. Kijivu cha dukani ni nadra kuwa nyeusi na nyeupe tu. Mashine hutia ndani yake matone ya bluu, manjano, nyekundu au kahawia. Kwenye kadi ndogo kuliko kiganja matone hayo hujificha. Yakishatandazwa ukuta mzima, hata mumeo atayaona.

Tena rangi hubadilishwa na jirani zake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Wakamlalamikia kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza, hazikuwa na kasoro. Bluu na zambarau zilizofumwa kando yake ndizo zilizozififisha machoni. Mwaka 1839 akayatolea kitabu mambo hayo. Kwa hiyo usiniulize kijivu kipi ni kizuri, niulize kipi kitakaa vizuri na mninga wako.

Hapo nina msimamo. Cha ukijani kiache. Asubuhi sebule yako haina jua, na mwanga unaoingia umepita kwenye majani ya mwembe, ukijani utaongezeka. Cha ubluu ni kizuri, lakini kando ya krimu kitazifanya marumaru zionekane za manjano, kama hazikupigwa deki, na mninga utazidi wekundu. Mimi ningechukua kinachovuta kahawia. Kinasikilizana na mbao, na jua la jioni likiingia kitapata joto.

Lakini usinunue ndoo kwa neno langu. Mimi mwenyewe niliwahi kuchagua kijivu chini ya taa za dukani, nikafika nyumbani nikakuta ukuta wa rangi ya biringanya. Niliishi nao miaka mitatu kwa sababu hela ilikuwa imekwisha.

Nunua kopo dogo la cha kahawia na la cha ubluu. Tafuta vipande viwili vya hadibodi, kila kimoja kama nusu mita, uvipake rangi mara mbili na kuacha ukingo mweupe pembeni. Usijaribie ukutani penyewe, rangi iliyopo itakuchanganya. Subiri vikauke kabisa, maana rangi ya maji hukolea ikikauka. Kisha viegemeze nyuma ya makochi, kimoja kimoja, uviangalie saa tatu asubuhi, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka.

Usiku ndipo wengi huumia. Soma boksi la balbu zako. Zikiwa 6500K, mwanga wake ni mweupe wenye ubluu, na kijivu chochote kitapoa kama saruji. Jaribu ya 3000K, yenye mwanga wa umanjano, kabla ya kuilaumu rangi; balbu ni rahisi kuliko ukuta.

Chukua rangi isiyong'aa. Inayong'aa ikikolea huonyesha kila wimbi la plasta. Na ukihitaji makopo mawili, fundi ayamimine kwenye ndoo moja na kukoroga kabla ya kuanza, kwa kuwa michanganyo miwili ya namba ileile inaweza kupishana kidogo.

Fundi asikuharakishe, aanze na dari na vyumba vya kulala. Baba watoto naye usibishane naye kwa kadi. Akirudi jioni, mkalishe mbele ya vibao viwili, taa iwake, umwache aangalie kabla hujamwambia unachokipenda.